Kigari Kizima cha Bi Macrina

Kwa miaka kumi na tisa Macrina Olvera alishona mfuko wa nyuma wa kushoto. Hakushona suruali, wala hakushona mifuko yote miwili. Wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa wa Cleotilde, aliyekaa akitazamana naye, cherehani kwa cherehani. Suruali ilimfikia Macrina ikiwa vipande, ikaondoka ikiwa vipande vyenye mfuko, na ilikokwenda baada ya hapo hakukujua. Miaka hiyo nusu ya mji wetu wa Torreón, kaskazini mwa Meksiko, ilikuwa ikishona jinzi za watu wa mbali, na nusu nyingine ilikuwa ikiwapikia wale wanaoshona gordita, vimkate vinene vya mahindi. Kisha viwanda vikafungwa, kimoja leo kingine kesho, na Macrina, mjane mwenye mwana mmoja aliyehamia Juárez na kupiga simu Jumapili, akapata kazi ya kufagia katika shule yetu ya ufundi.

Mimi haya sikuyajua. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua mambo mengine yote. Tangu wakati huo nimekuwa nikiyasahau moja moja. Nilikuwa nahodha wa timu ya roboti ya shule, tuliyoiita Tolvanera, jina la lile vumbi la kwetu linaloinuka mchana na kulifuta jua. Bi Macrina kwangu alikuwa mwanamke wa funguo, basi. Wakati wa likizo shule nzima inalala, lakini karakana ya timu inafunguliwa, na lazima mtu aketi mlangoni mpaka tumalize. Alikuwa akiketi pale na ufagio wake na kikombe chake cha maji ya rozela, akitutazama kama mtu anayetazama mvua.

Mashindano yetu ni Januari hadi Aprili, na miezi hiyo hakuna mwenye muda wa kumfundisha mtu. Likizo ndiyo zamu ya wapya. Kila mpya hujiandikisha kwenye daftari na kupewa kazi tatu. Kwanza anashona bampa, yaani ule mto mrefu wa mbao, povu na kitambaa unaoizunguka roboti isiumie inapogongana na wenzake. Kisha anafunga waya kwenye ubao, kutoka betri hadi mota, bila kuunguza kitu. Kazi ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Anajenga kigari cha magurudumu manne, kuanzia fremu hadi programu, na kigari hicho lazima kizunguke nguzo nne za uani kikiwa kimebeba glasi iliyojaa maji, kirudi bila kumwaga.

Halafu linakuja jambo ambalo wapya wote hulichukia. Kigari kikishafaulu, mwenyewe hukifungua kwa mikono yake, skrubu kwa skrubu, na kurudisha kila kitu sandukuni ifikapo Jumatatu. Tulikuwa na seti mbili tu za mota, na foleni ya wapya ilikuwa ndefu. Kigari hakikai. Kila mwaka yuko anayelia, na kila mwaka Mwalimu Ubaldo, aliyeianzisha timu, humwambia maneno yaleyale: "Lia, lakini fungua."

Alasiri moja ya joto, lile joto linaloufanya ua uonekane umejaa maji, Bi Macrina aliinuka, akaegemeza ufagio ukutani, akaja mezani kwangu na kuchukua kalamu.

"Bi Macrina, hilo daftari ni la wapya," nikamwambia.

"Najua kusoma, mwanangu. Na mimi ni mpya."

Fermín, mpya wa miaka kumi na tano ambaye mdomo wake ulikuwa unafika mahali kabla yake, akaangua kicheko. "Mpya! Bibi, we mpya wa mwaka gani? Wa enzi za treni ya makaa?"

"Wa enzi watoto walipokuwa wanafutwa makamasi kabla ya kuongea na watu wazima," akamjibu bila kuinua kalamu. "Futa."

Fermín akajifuta kweli. Wala hakuwa na kamasi.

Nilikwenda kumshtaki kwa Mwalimu Ubaldo. Akavaa miwani, akasoma kanuni tuliyoiandika wenyewe, akaivua miwani. "Inasema mtu wa shule hii. Haisemi umri."

"Mwalimu, ana miaka hamsini na nane!"

"Basi amechelewa. Usimcheleweshe zaidi."

Nikarudi nikamuuliza Bi Macrina kwa sauti ya kinahodha, ile ninayoionea aibu leo, anatafuta nini humu. Hakukasirika. Alitazama nje, kule kwenye maji yasiyokuwepo, akazungumza taratibu kama anayesimulia ndoto aliyoamka nayo.

"Nataka kumaliza kitu," akasema. "Kitu kizima. Kianze kwangu, kiishie kwangu. Sijawahi, mwanangu, hata mara moja."

Akanieleza habari ya mfuko wa kushoto. Kiwandani, alisema, alikuwa akiota macho wazi. Sindano inakwenda, kelele inakuwa mbali, na yeye anaona suruali zikipita barabarani bila watu ndani yake, zimejipanga, zinaelekea mahali, kila moja na mfuko wake, na hakuna hata moja inayogeuka kumsalimia.

"Nikitoka kazini nawatazama watu kwa nyuma, nautafuta mfuko wangu. Marehemu mume wangu akadhani natazama makalio ya wanaume. Tuligombana mwaka mzima kwa ajili ya mfuko!"

"Na uliupata?"

"Utaujuaje? Yote inafanana."

Nilicheka, na kicheko kikanikwama nusu njia.

Bampa za wapya huwa ni aibu. Kitambaa kina mikunjo, pini zimechomoza, namba ya timu imelala upande. Bi Macrina alileta cherehani yake ya nyumbani, akaiweka dirishani, na kwa alasiri moja akatoa bampa ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Pembe zilikuwa zimekunjwa kama shuka la hospitali na namba zimekaa wima, nyuzi zake hazionekani. Mwalimu Ubaldo alipitisha kiganja juu yake, akapitisha tena. Fermín akaja akainusa, sijui kwa nini.

Hapo nikafanya kosa ambalo nahodha yeyote angelifanya, na bado linaniuma. Nilimwambia aache habari ya waya na kigari kwa sasa, ashone. Ashone bampa za wapya wote, kisha za roboti kubwa ya mashindano, seti nyekundu na seti ya bluu kwa ajili ya pande mbili za uwanja, kisha akiba. Akashona wiki mbili. Wapya waliruka ile kazi ya kwanza wakishangilia, kazi ikawa inakwenda kama maji, na mimi nikawa natembea karakanani mikono nyuma, najiona nimezaliwa kuongoza watu.

Siku ya kumi na tano cherehani ilinyamaza. Bi Macrina alikuwa amekunja kitambaa vizuri na kuweka mkasi juu yake.

"Bado bampa nne," nikamwambia.

"Zimebaki nne, kweli."

"Bi Macrina, kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe unashona, hawa wanafunga waya, mwisho wa siku roboti inatembea. Si ndiyo?"

Aliniangalia kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. "Msimamizi wetu alikuwa na msemo huohuo. Aliubandika ukutani. Nimekuwa kidole miaka kumi na tisa, Nereida. Huyo chawa sijawahi kumwona."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kumwomba radhi, lakini umri ule radhi inatoka kooni kama mfupa wa samaki, basi nikaenda kabatini, nikatoa seti ya mota, nikaiweka mbele yake. Bampa nne nilizishona mwenyewe. Ziko mpaka leo, wanazitumia kuwafundishia watoto jinsi bampa isivyotakiwa kuwa.

Agosti ikaingia. Bi Macrina alikuwa wa polepole kazini, polepole mno. Aliunguza fyuzi mbili na nyusi kidogo. Fremu aliikata, akaikataa, akaikata upya. Kwenye kompyuta alibonyeza herufi moja, akaiangalia, akaiacha itulie, ndipo akaitafuta ya pili. Alasiri zile za vumbi, mwanga ukipita kwenye mabati kwa mistari mirefu na feni ikizungusha hewa ileile ya jana, kuna nyakati sikujua kama tunafanya kazi au tumelala wote tunaota karakana. Alikuwa akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Mimi nilikuwa naona jinsi vidole vyake vinavyokijua chuma polepole, na nilikuwa nafurahi bila kujua nafurahia nini.

Siku kigari kilipowashwa mara ya kwanza, kilizunguka palepale kiliposimama. Kikazunguka, kikazunguka.

"Bibi!" Fermín akapiga kelele. "Kigari chako kimeona mkia wake!"

Hilo ni kosa la wapya wote. Mota za upande huu na za upande ule zinatazamana, kwa hiyo ukiziamuru zote ziende mbele, upande mmoja unarudi nyuma. Mimi nililijua jibu, nikafungua mdomo. Bi Macrina akainua mkono. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kigari, na akakaa pale mpaka mstari wa jua ukahama kutoka meza moja kwenda nyingine. Tulimaliza kula, tukanawa, yeye bado ameketi. Kisha nikaona mikono yake inasogea hewani, yote miwili, inasukuma nguo ambayo haipo.

"Mimi na Cleotilde tulikuwa tunatazamana," akasema, sijui akimwambia nani. "Mkono wangu ukienda mbele, ukimwangalia yeye, wake unakuja huku. Lakini wote wawili tunakwenda mbele." Akageukia kompyuta. "Hawa wa upande ule lazima waambiwe kinyume."

Akabadilisha alama moja. Kigari kikaenda moja kwa moja mpaka ukutani, kikagonga, kikaendelea kusukuma ukuta kwa ukaidi. Fermín alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jaribio lilikuwa Ijumaa. Mwalimu Ubaldo alijaza glasi mpaka maji yakavimba juu ya ukingo. Ua ulikuwa unawaka, na kigari kiliposhuka kutoka kwenye kivuli kikaingia kwenye lile joto linalotetema, hatukuona tena magurudumu yake. Kilikuwa kinaelea. Glasi ilikwenda yenyewe hewani, inang'aa, ikakata nguzo ya kwanza, ya pili, ikapotea nyuma ya ya tatu kwa muda ambao nilidhani hautaisha. Ikatokea. Ikarudi kwetu taratibu, na Mwalimu Ubaldo akapiga goti, akapapasa mgongo wa kigari kwa vidole, akatuonyesha vidole vikavu.

Bi Macrina hakushangilia. Alikizunguka kigari akikitazama mbele, ubavuni, nyuma, akainama akatazama chini yake. Akakiwekea kiganja, kama mama anayepima joto la mtoto.

"Jumatatu mota zangu, Bibi," akasema Fermín, ambaye ndiye aliyekuwa anafuata kwenye foleni. "Usisahau."

"Sijasahau."

Jumatatu hakuja. Funguo tulizikuta kwenye meza ya Mwalimu Ubaldo, zimefungwa na utepe. Meza ya kigari ilikuwa tupu, na sanduku lake pia halikuwepo.

"Bibi kaondoka nacho!" Fermín alisema, nusu akicheka, nusu akitaka kulia. Alikuwa amesubiri mota tangu Julai, na shule ingefunguliwa baada ya wiki moja; hizo ndizo siku alizobakiwa nazo kujenga cha kwake.

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilikasirika kwa sababu ya foleni, na kwa sababu ya kanuni, na zaidi kwa sababu nilikuwa nimempenda. Mwalimu Ubaldo akakuna kidevu, akasema, "Nahodha ni wewe," akaendelea kusaga kahawa yake.

Nilitembea mpaka mtaa wa Bi Macrina nikipanga maneno makali njia nzima, nikiyapanga upya kila kona. Mlango wake ulikuwa wazi, pazia linapepea, na ndani kulikuwa na sauti za watu. Nikapiga hodi. Wanawake wanne walikuwa wamekaa kuzunguka chumba, magoti yakigusana, vikombe mikononi, na Bi Macrina amesimama katikati yao na gauni la kutokea. Kigari kilikuwa sakafuni. Sanduku la timu lilikuwa chini ya meza.

"Huyu ndiye nahodha wangu," akawaambia. "Mpisheni akae. Nereida, huyu Cleotilde, mfuko wa kulia. Huyu zipu. Huyu vishikio vya mkanda. Yule pale pindo, alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote."

"Hujambo, nahodha," wakasema, na pindo akanipisha nusu ya kiti chake.

Maneno yangu yote makali yakanitoka kichwani. "Bi Macrina," nikasema, "mota…"

"Najua, mwanangu, najua. Ngoja kidogo tu. Cleotilde ndio kwanza kashuka basi, katoka kule Gómez. Hajakiona kikitembea."

Akabonyeza. Kigari kikaondoka mlangoni, kikapita katikati ya miguu yao, na wale wanawake wakainua miguu taratibu, wote pamoja, kama wanaopisha maji yaingiayo ndani. Kikazunguka jiko. Kikapita chini ya kiti cha zipu. Pazia lilikuwa linaruhusu jua na kulikataa, linaruhusu na kulikataa, na kigari kilikuwa kinatokea na kutoweka ndani yake. Kikarudi na kusimama mbele ya viatu vya Cleotilde.

"Ni wewe mwenyewe?" Cleotilde akauliza. "Chote?"

"Chote."

"Hata hizi nyaya?"

"Hata hizo."

Pindo alikuwa analia, hajifichi. Mimi nami nilikuwa karibu, na ndipo nikasema jambo ambalo nahodha hapaswi kulisema. "Kiache, Bi Macrina. Kaa nacho. Nitamwambia Mwalimu mota zimeungua."

Nilimaanisha kila neno. Lakini alinigeukia na macho ya ukali ambayo sikuwahi kuyaona.

"Na Fermín atajenga kwa nini? Kwa ule mdomo wake?" Wanawake wakacheka, yeye hakucheka. "Nipe bisibisi, iko hapo nyuma yako."

Akakipandisha kigari mezani. Akaanza na magurudumu, kisha mnyororo, kisha waya mmoja mmoja, akiukunja kila mmoja kabla ya kushika mwingine. Hakuharakisha, wala hakuchelewesha. Fremu ilipobaki peke yake aliishika kidogo, kisha akailegeza pembe zake nne na ikawa vipande vya chuma kama chuma chochote. Vyote vikaingia sandukuni. Mezani kukabaki kitambaa cha meza.

Cleotilde hakuweza kuvumilia. "Sasa, shoga, umebaki na nini?" Sauti yake ilikuwa ya hasira, hasira ya mtu anayekupenda. "Miaka yote ile, leo unapata kitu kizima, unakivunja kwa mkono wako na kumpa mtoto wa watu. Si ni yaleyale?"

Swali lile lilikuwa kooni kwangu pia. Bi Macrina alijifuta mikono kwa kitambaa cha jikoni, kidole kwa kidole, akaketi, akafumba macho.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Chochote kilichomo humo. Toa, niulize."

Cleotilde akatia mkono sandukuni kwa kununa, akatoa skrubu fupi. "Hii."

"Skrubu hiyo, naisikia unavyoigonga. Ni fupi au ndefu?"

"Fupi. Kichwa bapa."

"Gurudumu la nyuma. Ziko tatu, na usizikaze mpaka mwisho, gurudumu litagoma."

Cleotilde akaigeuza ile skrubu mkononi. Zipu akasogea. "Na waya huu mwekundu?"

"Pima na kiganja. Unazidi?"

"Kidogo."

"Unatoka kwenye betri kwenda kwenye swichi. Wa kwanza niliukata mfupi, huo ni wa pili."

"Na hiki kipete?"

"Kinaizuia ekseli isitembee. Kina pacha wake, yuko humo humo, mtafute."

Wakamtafuta, wakampata, wakapiga ukelele. Wakainuka wote, wakalizunguka sanduku, mikono inagongana ndani yake, wanauliza kwa pamoja, na hii, na hii, na huyu mwenye meno je, na Bi Macrina anajibu macho yamefumbwa, uso umetulia, anakijenga kigari chake kwa sauti mbele yetu, na mimi niliyemfundisha nilikuwa nafuatilia kila jibu na hakukosea hata moja. Karakanani walikuwa wananisubiri. Sikuinuka. Nilitia na mimi mkono mpaka chini kabisa ya sanduku, nikatoa nati ndogo kuliko zote, ambayo mimi mwenyewe sikuijua, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Na hii, Bi Macrina?"

Akaipapasa kwa kidole gumba. Akaipapasa tena, akatabasamu.

"Hiyo si ya kigari changu," akasema. "Hiyo ilikuja na sanduku."